Discogs kwa msomaji wa lebo za santuri

Santuri mbili zinaweza kuwa na jalada moja, namba moja ya katalogi na nyimbo zilezile, kumbe moja ilichapwa albamu ilipotoka na nyingine miaka kadhaa baadaye. Mara nyingi kinachozitenganisha ni mstari mmoja wa maandishi madogo kwenye lebo, ile karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri. Mimi ni mtu wa mistari hiyo. Nikipata santuri ya zamani, kabla sijaiwekea sindano nataka kujua lebo yake ni ya enzi gani, imetoka kiwanda kipi, na kwa nini herufi fulani ipo au haipo. Kazi hiyo naifanya kwa vifaa vitatu: kioo cha kukuzia mara kumi, taa ya mezani inayopinda shingo, na Discogs. Hapa nataka kuipima Discogs kwa jambo moja tu, nalo ni kiasi gani inamsaidia mtu kutambua lebo isiyo ya kawaida. Habari za soko lake nawaachia wengine.

Kwa asiyeijua, Discogs ni hifadhidata ya rekodi iliyoanzishwa mwaka 2000 na Kevin Lewandowski, huko Oregon, Marekani. Ilianza na muziki wa elektroniki, kisha ikafungua milango kwa kila aina ya muziki. Wanaoijaza ni watumiaji wenyewe, na kanuni inasema uingize rekodi uliyoishika mkononi, si uliyosimuliwa. Kujisajili na kupekua ni bure.

Ukitafuta albamu unafika kwanza kwenye ukurasa mkuu unaokusanya matoleo yake yote. Hapo unachuja kwa nchi, kwa mwaka, kwa lebo, kwa aina ya rekodi. Albamu iliyotamba ina orodha ndefu ya kuchosha, kwa hiyo usijaribu kuisoma yote. Anza na nchi, kisha namba ya katalogi, kisha mono au stirio. Orodha ikishapungua ndipo ufungue ukurasa mmoja mmoja na kutazama picha za lebo. Halafu shuka chini, kwenye sehemu ya alama nyinginezo. Huko ndiko kwenye hazina. Watu wamenakili, upande kwa upande, maandishi ya ile pete laini isiyo na muziki iliyo kati ya wimbo wa mwisho na lebo, mahali ambapo namba na alama za uzalishaji huchorwa au kugongwa. Nitaiita pete ya mwisho, maana nitaitaja mara nyingi.

Ukitaka kuona thamani ya sehemu hiyo, chukua Blue Note, kampuni ya jazi ya New York iliyoendeshwa na Alfred Lion na Francis Wolff. Lebo zake za buluu na nyeupe kwa mbali zinafanana miaka nenda miaka rudi. Kinachobadilika ni anwani. LP (santuri za albamu) za kwanza za inchi 12 zinasema 767 Lexington Ave. Kuanzia 1957 hivi inaingia 47 West 63rd, nyingine zikiwa na nyongeza ya New York 23. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 anwani inafupishwa na kuwa New York USA. Kampuni ilipokwisha kuingia mikononi mwa kampuni nyingine ya rekodi, Liberty, kuanzia 1966 unakuta maneno A Division of Liberty Records.

Mtu akishika mfuatano huo kichwani anaona kazi imekwisha. Bado. Lebo zilichapwa kwa wingi zikabaki ghalani, na Liberty ikazitumia zile za New York USA kwenye santuri ilizochapisha katika viwanda vingine. Lebo inasema enzi moja, plastiki ni ya enzi nyingine. Anayetoa ushahidi ni kialama kidogo kwenye pete ya mwisho, kimechorwa mfano wa sikio. Hiyo ni alama ya Plastylite, kiwanda cha New Jersey kilichoichapia Blue Note hadi 1966. Lebo ya New York USA yenye sikio, sawa. Lebo hiyohiyo bila sikio, umeshika lebo ya zamani kwenye santuri iliyokuja baadaye.

Usidanganywe na muhuri wa VAN GELDER ulio karibu na hapo. Huo unataja mhandisi wa sauti, Rudy Van Gelder, si kiwanda. Kwa kuwa mabamba ya chuma ya kuchapia santuri yaliyotokana na kazi yake yaliendelea kutumika, muhuri unaonekana pia kwenye chapa za baadaye. Muuzaji mmoja alinitumia picha ya lebo peke yake akisisitiza kwamba ni chapa ya kwanza. Nikamwomba anipigie picha ya pete ya mwisho, taa ikiwa imelazwa ubavuni ili mikwaruzo itupe kivuli. VAN GELDER ilisomeka vizuri kabisa. Sikio halikuwepo. Nikamshukuru, nikamwachia santuri yake.

Kurasa nzuri za Blue Note kwenye Discogs zinaeleza haya yote bila kuficha: anwani ipi iko upande upi (maana zipo santuri zenye anwani moja upande huu na nyingine upande wa pili), sikio lipo au halipo, na kama lebo ina ule mfereji wa duara uliodidimia kwenye karatasi. Mfereji huo ni alama ya umbo la mashine ya kuchapia, na unaweza kuwa upande mmoja tu wa santuri. Kwa kazi ya namna hii sijaona chombo kingine kinachokusanya maelezo mengi hivi mahali pamoja.

Sasa kuna kanuni ambayo mpenda lebo lazima aielewe kabla hajaanza kulalamika. Discogs haitoi ukurasa mpya kwa kila tofauti. Anwani tofauti, maandishi tofauti au mpangilio tofauti wa lebo hupewa ukurasa wake. Lakini rangi iliyokolea kidogo kuliko nyingine, au bamba tofauti la kuchapia, huhesabiwa kuwa tofauti ndogo za kiwandani na hubaki ndani ya ukurasa uleule, zikiorodheshwa kama vibadala. Kanuni hiyo naiunga mkono. Bila hiyo, albamu moja iliyouzwa sana ingekuwa na kurasa zisizohesabika na hakuna ambaye angepata chochote. Ila ina gharama yake. Picha ya lebo iliyo juu ya ukurasa ni ya nakala ya mtu mmoja, wakati orodha ya pete ya mwisho iliyo chini ni ya nakala za watu wengi. Picha ikifanana na yako, usihitimishe kwamba kila kilichoandikwa chini kinaihusu yako. Soma kibadala kimoja kimoja mpaka upate kinacholingana herufi kwa herufi.

Rekodi za kampuni ya EMI ya Uingereza zinaonyesha vizuri kwa nini usichoke kusoma. Albamu ya kwanza ya Beatles, Please Please Me, ilitoka tarehe 22 Machi 1963, mono ikiwa PMC 1202 na stirio PCS 3042. Lebo za mwanzo kabisa za Parlophone, jina la EMI lililotoa albamu hiyo, ni nyeusi zenye maandishi ya dhahabu. Mwaka huohuo zikabadilishwa kuwa nyeusi zenye jina kubwa la njano. Hilo watu wengi wanalijua. Wengi hawaendi hatua ya pili, ya kutazama jina la mchapishaji chini ya nyimbo za Lennon na McCartney: za mwanzo zinasema Dick James Mus. Co., zilizofuata zinasema Northern Songs. Kwa hiyo hata ndani ya lebo za dhahabu kuna wa kutangulia na wa kufuata, na Discogs imezitenganisha.

Lakini lebo nayo ina mahali inaponyamaza. Revolver, mono, PMC 7009 ya mwaka 1966, inaweza kuwa na lebo isiyoonyesha tofauti yoyote, na bado nakala ambazo pete ya mwisho ya upande wa pili ina XEX 606-1, yaani namba ya matriksi inayotambulisha upande huo wa rekodi, zina mchanganyo mwingine wa sauti wa wimbo Tomorrow Never Knows kuliko zilizofuata. Hapo karatasi haikwambii kitu. Unageuza santuri mpaka namba hiyo ya matriksi iwe chini, karibu nawe, halafu unatazama pembeni mwa lebo: kulia kuna herufi, kushoto kuna tarakimu. Herufi ni namba ya bamba lililochapa santuri, kwa kufuata neno GRAMOPHLTD, ambamo G ni 1, R ni 2, A ni 3, na kuendelea hadi D ambayo ni 0. Ukiona RA, ni bamba la 23. Tarakimu ya kushoto inataja bamba mama lililozaa hilo la kuchapia. Kampuni ya Decca nayo ilikuwa na neno lake, BUCKINGHAM, kwa utaratibu uleule wa B kuwa 1 na M kuwa 0. Ukishazizoea herufi hizi huwezi tena kuitazama santuri ya Uingereza kama zamani, na ninafurahi sana kila nikikuta ukurasa wa Discogs ambao mtu amejitahidi kuzinakili zote badala ya kuishia kwenye namba ya matriksi.

Kwenye makosa ya uchapaji hifadhidata hii iko imara. Kind of Blue ya Miles Davis, 1959, ina nakala za mwanzo ambazo lebo ya upande wa pili imeorodhesha nyimbo All Blues na Flamenco Sketches kwa mpangilio ulio kinyume na zinavyosikika. Mfano wa muundo wa lebo ni The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, toleo la Uingereza la 1973, Harvest SHVL 804: lebo za kwanza zina pembetatu iliyojazwa buluu, za baadaye zina mistari ya pembetatu tu. Vitu kama hivyo unavipata haraka, vikiwa na picha.

Kwenye mwaka wa kuchapwa, naomba uwe mwangalifu zaidi. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo huenda ni wa kurekodiwa au wa kutolewa mara ya kwanza, na umenakiliwa kutoka toleo hadi toleo. Kwa santuri za Marekani kuna kipimo kizuri: alama ya P ndani ya duara, inayoonyesha haki miliki ya rekodi ya sauti, ilipata nguvu ya kisheria huko tarehe 15 Februari 1972. Ukiiona kwenye lebo ya Marekani ya albamu ya 1964, hiyo haikuchapwa 1964, ukurasa useme usemavyo. Kila ukurasa una historia ya mabadiliko yake pamoja na kura za watumiaji kuhusu ubora wa taarifa. Vifungue vyote viwili kabla hujauamini mwaka. Ukurasa uliorekebishwa na watu wengi wenye nakala mkononi una uzito kuliko ulioingizwa mara moja na kuachwa.

Upungufu mkubwa kuliko yote, kwangu, ni picha. Discogs haimlazimishi mtu kuweka picha, na wengi wanaoweka huweka jalada mbele na nyuma, basi. Lebo ikiwekwa, mara nyingi ni ya upande mmoja, imepigwa kwa taa ya juu iliyoacha mng'ao katikati ya maandishi. Kwa mtu anayetafuta nukta iliyokosekana baada ya herufi, picha hiyo ni sawa na kutokuwepo.

Kwa sababu hiyo pia usitegemee Discogs kukwambia kama lebo ni bandia. Hilo ni la kioo na vidole vyako. Kawaida lebo ya santuri haigundishwi. Hukaushwa kwanza ili unyevu usitoe malengelenge, kisha hubanwa pamoja na plastiki ya moto, na vyote hutoka mashinani vikiwa kitu kimoja. Ukigusa ukingo wa lebo ukahisi karatasi imesimama juu ya plastiki, au ukaona chembe za gundi, simama hapohapo. Halafu weka kioo juu ya herufi za rangi. Lebo nyingi za zamani zilichapwa kwa wino wa rangi moja moja, kwa hiyo herufi ya dhahabu au ya njano huonekana imejaa, kingo zake safi. Nakala iliyotengenezwa kutokana na picha mara nyingi huonyesha vitone vidogo vya rangi mbalimbali vilivyopangwa kama wavu, na kingo za herufi huwa zimechakaa. Ukishauona wavu huo mara moja hutausahau.

Kwa santuri za inchi 7, mimi huanza na 45cat, hifadhidata nyingine ya mtandaoni, kabla ya Discogs. Imejengwa kwa ajili ya rekodi hizo, na inaweka lebo mbele kwa sababu singo nyingi hazikuwa na jalada lenye picha. Nakala za maredio, zile zenye lebo nyeupe au herufi A kubwa, zimeonyeshwa vizuri sana huko. Kwa LP, Discogs haina mpinzani, nami naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku watakapotaka kila anayeingiza santuri aweke picha tatu: lebo ya upande A, lebo ya upande B, na pete ya mwisho chini ya taa ya ubavuni.

Wewe unayeanza, ukikuta alama kwenye santuri yako ambayo ukurasa hauna, iongeze kama kibadala kipya. Nakili kilichopo jinsi kilivyo, nafasi na vistari vyake vyote. Ikiwa herufi moja haisomeki, sema kwenye maelezo kwamba haisomeki, usiikisie, kwa kuwa kuna mtu mwenye bamba hilohilo atakayekuja kuijaza.