TAHADHARI: uzi wa "baby alpaca" Cusco, mnaoenda Peru someni kabla hamjatoa hela

Wafumaji wenzangu habari zenu. Naandika nikiwa bado na hasira na huzuni pia, lakini bora niseme mapema maana najua wapo wanaopanga safari ya Peru na akili yote iko kwenye uzi kama ilivyokuwa yangu.

Mwezi uliopita nilikuwa Cusco na nilitaka uzi wa alpaca, yule mnyama wa kufugwa mwenye manyoya laini, wa kumfumia mama shali, nimeuwazia huo uzi miaka. Kwenye meza moja ya barabarani muuzaji akaniambia hii ni baby alpaca asilimia mia, soles 18 (pesa ya Peru) donge la gramu 100. Mimi nikasema sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia nataka kuona inavyoungua, hakubisha hata kidogo, akachomoa kipande kwenye donge lililokuwa juu ya meza akawasha kiberiti, harufu ya nywele ikatoka, majivu yakavunjika vizuri mkononi, basi moyo ukatulia nikachukua madonge 10. Hapo ndipo nilipopigwa changa la macho jamani, kwa sababu madonge aliyonifungia hayakutoka juu ya meza, yalitoka chini, yako ndani ya nailoni iliyobanwa kabisa, na mimi nilikuwa nakimbilia basi sikufungua.

Usiku hotelini nafungua, uzi mwepesi, unanata kwenye mkono wa sweta kwa umeme ule wa nguo za plastiki, ukiuvuta kwenye vidole unalia. Nikachoma. Ukayeyuka, moshi mweusi, ukabaki tone gumu kama shanga. Akriliki tupu, yaani plastiki! Kesho yake asubuhi nikarudi, pale mezani yuko mtu mwingine anasema hajui chochote, na risiti sina.

Kwa hiyo nawaomba sana, kipande cha kuchoma kitoke kwenye donge LAKO, tena kwa ndani, kata mwenyewe. Na usiishie kwenye harufu maana wapo wanaochanganya alpaca kidogo na akriliki, ukichoma itanuka nywele vizuri tu, angalia kinachobaki. Manyoya ya mnyama yakiungua yanaacha majivu yanayosagika kwa vidole, ukikuta kigumu hakivunjiki ujue kuna plastiki humo. Ikinuka karatasi basi ni pamba au viskosi, uzi unaotengenezwa kutokana na miti. Chomea nje, mbali na uzi wao, na muuzaji akikataa ondoka.

Lebo isikudanganye, mtu yeyote anaweza kuchapisha. Ya kiwandani huwa na jina la mtengenezaji na namba yake ya kodi, wanaiita RUC, ina tarakimu 11. Yangu ilikuwa na picha ya alpaca na maneno mawili basi. Halafu mjue kwamba "baby" sio mtoto wa alpaca, ni daraja la wembamba wa unyoya wenyewe, mikroni 20 hadi 23 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo akianza kukupa hadithi ya mnyama mchanga kanyolewa mara ya kwanza ndio maana bei iko hivi, hajui anachouza au anajua sana.

Kingine kinachonitia wasiwasi zaidi ni vikunya. Yule ni mnyama wa porini wa jamii ya alpaca, ndiye aliye kwenye nembo ya taifa la Peru, unyoya wake una kama mikroni 12 au 13 na mnyama mmoja akinyolewa hatoi hata nusu kilo. Biashara yake inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mtu akikunong'oneza mtaani kwamba anayo donge la vikunya kwa bei poa, aidha ni feki au ni ya magendo, na ya magendo forodha wanaweza kukunyang'anya. Usiiguse.

Sisemi wote ni wezi, hapana. Siku ya mwisho nilienda Chinchero, mji mdogo karibu na Cusco, kwa akina mama wanaosokota na kutia rangi mbele yako, nyekundu inatoka kwa wadudu wa kochinili wanaosagwa, nilikaa pale saa nzima sitaki kuondoka. Ila hata pale kumbukeni kinachoonyeshwa na kinachouzwa si lazima viwe kitu kimoja, mimi niliomba kununua kutoka kwenye kapu lile lile walilokuwa wanasokotea, nikapima, nikachoma, nikaandikiwa boleta, yaani risiti, wala hakuna aliyenuna. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Cusco kwa hiyo hela iliyobaki ilinipa madonge manne tu.

Shali ya mama itakuwa fupi kuliko nilivyopanga, lakini nimeshaianza.