Fokker ya mabawa matatu ndani ya boksi: umbo limepatikana, injini imekosewa

Mwezi Julai nilinunua boksi la kuunganisha mfano wa Fokker Dr.I, ndege ya kivita ya Kijerumani ya mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yenye mabawa ya tabaka tatu, katika duka moja la vifaa vya shule na vichezeo lililo karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Bei ilikuwa shilingi 45,000. Kijana aliyeniuzia alinitahadharisha kwa heshima, "Mzee wangu, hii hairuki lakini," nami nikamjibu kwamba ndiyo sababu naichukua, maana vichezeo vinavyoruka havimalizi wiki nyumbani kwangu.

Kwa umbo sina malalamiko. Vipande vinakaa mahali pake kwa msasa kidogo tu, na bawa la juu, ambalo kwenye ndege halisi lilizidi mita 7, hapa lina sentimita 15. Kilichonifurahisha zaidi ni chumba cha rubani, ambamo nyuma za bunduki mbili za rashasha zinaonekana zikiwa zimekaa mbele kabisa ya uso wake. Ukichungulia hapo unaelewa kwamba rubani hakuelekeza bunduki bali aliielekeza ndege nzima, na risasi zilipita katikati ya pangaboi linalozunguka kwa kuwa kifaa kilichoungwa na injini kilizuia bunduki kufyatuka bapa lilipokuwa mbele ya mtutu. Mtengenezaji wa ndege hii, Fokker, alianza kukitumia mwaka 1915, muda mfupi baada ya rubani Mfaransa Roland Garros kufunga vipande vya chuma kwenye pangaboi ili viziepushe pembeni risasi zilizoligonga, njia ya kijasiri ambayo mimi nisingeijaribu.

Kosa kubwa liko kwenye injini. Injini ya ndege hii ilikuwa ya silinda 9 zilizopangwa kama miale ya jua, na silinda hizo zilizunguka pamoja na pangaboi huku mhimili wa katikati ukiwa umetulia. Maelekezo yanakutaka uigandishe injini kwenye kiwiliwili, pangaboi lizunguke peke yake. Niliyafuata, nikajuta, nikaikata kwa wembe na kuifunga upya kwa kipande cha sindano, na sasa vyote vinazunguka pamoja kama inavyostahili. Injini hizo zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, haya haya tunayopaka nywele na ambayo bibi zetu walitunywesha tumbo likifunga, nayo yalitapakaa kuelekea nyuma aliko rubani.

Kijitabu kilichomo ni chepesi. Kinamsifu rubani wa Kijerumani Manfred von Richthofen kwa ndege 80 alizoangusha, bila kueleza kwamba nyingi aliziangusha akiwa na ndege za aina nyingine kabla hajapewa hii, na kwamba ufundi wake aliupata kwa Oswald Boelcke, aliyeunda kikosi cha Jasta 2 mwaka 1916 na kuwafundisha marubani wake kushambulia wakiwa wamelipa jua mgongo na kuruka kwa makundi badala ya kila mtu kivyake. Boelcke alikufa tarehe 28 Oktoba mwaka huo huo baada ya kugusana angani na ndege ya mwenzake. Werner Voss, rubani mwingine wa Kijerumani, ambaye akiwa na ndege ya mabawa matatu kama hii alipigana peke yake na marubani kadhaa wa kikosi cha 56 cha Waingereza hadi akaangushwa tarehe 23 Septemba 1917, hatajwi kabisa. Wala hakuna neno kuhusu mabawa ya juu yaliyovunjika hewani mwishoni mwa mwaka huo, hata ndege hizi zikazuiwa kuruka kwa muda.

Stika ni nzuri na hazichaniki. Gundi na rangi hazimo, kwa hiyo jiandae kuzinunua, na usipake rangi uani msimu huu wa upepo: bawa langu la kushoto lina vumbi jekundu lililogandia humo, kama vile ndege ilitua Chamwino kwa dharura.

Tairi moja lilikosekana, na duka lilinipatia jingine kutoka boksi la maonyesho bila ubishi. Wanalo pia boksi la Sopwith Camel ya Waingereza, ambayo nayo silinda zake zilizunguka na pangaboi. Safari hii nitaomba kuona ukurasa wa injini kabla ya kulipa.