Wakili aliyetuhamishia nyumba ya mama kwenda kwa watoto: nampa nyota 4 kati ya 5

Wadau habari zenu. Kila siku naona mtu anauliza wakili wa kuhamisha nyumba toka kwa mzazi kwenda kwa watoto, inachukua muda gani, inagharimu nini. Familia yetu tumemaliza hivi karibuni kwaiyo naandika yote nayoyajua. Nyumba ina hati ya miaka 66 kwa jina la mama peke yake, baba alishafariki, na mama kaamua mwenyewe kutugawia sisi watoto wake watatu kwa zawadi akiwa hai na akili timamu, maana kwenye ukoo wetu ameshaona mirathi za watu zinavoishia mahakamani miaka na miaka, ndugu hawasalimiani tena. Jina la wakili sitaji kwa sababu hajanipa ruhusa ya kumtangaza, ila yeyote mtakayempata angalieni kwanza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania kama kweli ni wakili na leseni yake iko hai, hilo ni bure na mnafanya kwa simu tu.

Sasa huyu dada wakili kilichonifanya nimpe nyota zote hizo ni kitu alichofanya siku ya kwanza kabisa. Tumeenda wote, mama, sisi watoto na shemeji yetu mmoja, ofisi imejaa. Akamwamkia mama, akamkalisha vizuri, afu akatuambia sisi wengine wote tutoke nje abaki nae peke yake. Kaka yangu hakupenda, akasema sisi ndo tunaolipa. Akamjibu kwa upole kabisa, "Kaka yangu, kwenye zawadi mtu wa kulindwa ni anayetoa, nyie mnapokea tu." Tukakaa kwenye benchi nje muda mrefu.

Mama alikuja kutuhadithia baadae alichoulizwa. Kama anajua akishasaini na ikasajiliwa nyumba si yake tena kisheria. Nani alimwambia afanye hivi na kama kuna mtu anamlazimisha. Yuko mtoto mwingine nje ya hawa watatu? Akikosana na mkwe atalala wapi? Na kodi ya vyumba vya uani ambayo ndo anajinunulia dawa za presha itakua inaenda kwa nani? Yaani hili la mwisho hakuna hata mmoja wetu aliyekua amelitaja, tulikua tunaongelea majina ya kuandikwa kwenye hati tu. Mama alipotoka akataka viandikwe vipengele viwili, kwamba ataishi pale mpaka mwisho wa maisha yake na kodi ya uani ni yake, na kwamba hakuna atakayeuza wala kuweka nyumba dhamana benki bila yeye kuridhia kwa maandishi. Wakili kaviweka kwenye hati ya zawadi vyote, akatusomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Kwangu mimi kipimo cha wakili wa kazi hii ni hapo, anamtendeaje mzee anayetoa mali yake. Speed inakuja baadae.

Nasema hivi kwa sababu kabla yake tulipita ofisi nyingine, na jamaa wa kule alituambia tusihangaike na zawadi, tuandike kwamba mama katuuzia kwa bei ndogo ili kodi ipungue. Maana yake mama angesaini kwamba amepokea hela ambayo hajawahi kuiona! Na hiyo bei ndogo isingesaidia, maana thamani inapitishwa na mthamini wa serikali na malipo yanafuata thamani hiyo. Tukashukuru tukaondoka.

Kwenye makaratasi wakili aliandaa hati ya zawadi pamoja na fomu za Sheria ya Ardhi ya 1999, ile namba 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, 30 ya kuomba kibali na 35 ya uhamisho wenyewe. Juu yake hati halisi, ripoti ya uthamini, risiti ya kodi ya pango la ardhi ambayo haidaiwi, vitambulisho vya NIDA, TIN za wote, na picha za pasipoti. Cheti cha kifo cha baba kutoka RITA kiliombwa pia, na hapa wengi wanakwama, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inakataza mtu kuhamisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake tu. Kwaiyo mzazi mwenzake akiwa hai lazima asaini ridhaa, akiwa amefariki leteni cheti. Jambo lingine alilotusimamia ni hisa, kila mmoja wetu kaandikwa na sehemu yake, theluthi theluthi, ili siku mmoja akifariki sehemu yake iende kwa warithi wake na si kumezwa na ndugu waliobaki. Dada yangu ana watoto wadogo wawili, aliposikia hilo alishusha pumzi.

Hela sasa. Ada ya wakili aliiandika kwenye karatasi moja, malipo ya serikali karatasi nyingine, na kila malipo ya serikali tulilipa wenyewe kwa kontroo namba, hakushika hata mia yetu ya TRA, yaani mamlaka ya mapato. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1 ya thamani, yaani nyumba ikithaminiwa milioni 80 andaa laki 8. Halafu iko kodi ya ongezeko la mtaji na watu wengi wanadhani zawadi haiguswi, si kweli, TRA wanaangalia thamani ya soko hata kama hakuna senti iliyotembea. Ni asilimia 10 kwa mkazi, ila ya faida, sio ya thamani nzima, kwaiyo kama nyumba ina thamani ya milioni 80 na mna uthibitisho kwamba kiwanja na ujenzi viligharimu milioni 20, inakatwa kwenye milioni 60. Tafuteni risiti za simenti, nondo, bati, mafundi, hata zilizofifia! Mama yetu alikua na bahasha nzima kabatini tangu anajenga na ile bahasha imetuokolea hela ndefu. Pia nyumba ikiwa ni makazi ya mtu mwenyewe, kaishi angalau miaka 3 na faida haizidi milioni 15, kodi hiyo haimhusu, mwambieni wakili aangalie hilo kabla hamjalipa. Bila cheti cha TRA cha kuonyesha kodi imemalizwa msajili hasajili, msidanganywe na kishoka yeyote anayewaambia ana mtu wake ndani.

Ofisi ya ardhi ndo palipochosha. Jalada mara liko kwa huyu, mara halionekani, mara anayesaini yuko kwenye kikao, na mama yangu mtu mzima kukaa kwenye foleni tangu asubuhi inaniuma mpaka leo. Wahudumu wa dirishani walikua na heshima lakini lazima pawepo utaratibu wa wazee, hata viti tu.

Nyota moja nimemkata wakili hapo hapo. Kipindi jalada limelala alikaa kimya wiki nyingi, simu anapokea karani anasema "bado", na mama usiku hapati usingizi anauliza hati yake halisi iko wapi na kwa nini wameondoka nayo. Meseji moja kwa wiki hata ya kusema hakuna jipya ingetosha, na nilimwambia hivyo usoni siku ya kuchukua hati mpya. Alikubali, akamwomba mama radhi, na akampa nakala iliyogongwa muhuri ya hati ya zawadi yenye vile vipengele vyake viwili, akamsisitizia aitunze yeye mwenyewe na asimwachie mtoto yeyote.