Losheni ya mbu iliyoandikwa "repellent": inafukuza, haiui

Nimeitumia karibu mwezi mzima hapa Ggaba, Kampala, jioni nakaanga samaki aina ya ngege kandokando ya ziwa na nyie mnawajua mbu wa huku giza likiingia. Muuza duka aliniambia "hii inaua kabisa dada". Siku ya kwanza nikajipaka miguu na mikono nikakaa nangoja mbu waanguke, wapi, hakufa hata mmoja! Wanakuja wanazunguka goti alafu wanageuka wanaenda zao. Niliudhika sana nikajua nimeuziwa feki.

Mtoto wa dada yangu ndo akasoma chupa, "mama mdogo, hapa wameandika repellent, si ya kuua." Kumbe hilo neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, ni kusukuma kitu kirudi nyuma. Ni kufukuza tu, kama tulivyokuwa tunaamia ndege kwenye mtama, ndege hafi ila hatui. Hata jaketi likiandikwa water repellent maji yanateleza juu, lakini mvua ikikaa utalowa tu, ile isiyopitisha kabisa wanaiita waterproof. Na mtu akiambiwa yeye ni repellent hapo ametukanwa, maana yake anachukiza mpaka watu wanamkwepa.

Sasa nikiipima kwa kile ilichoandikiwa, losheni ni nzuri na naipenda. Ina DEET asilimia 30, dawa ambayo jeshi la Marekani lilianza nayo miaka ya 1940 na raia wakaanza kuuziwa 1957. Nikipaka saa moja jioni nafunga kazi saa nne sijaumwa. Ila paka kila mahali palipo wazi, mimi nilisahau kifundo cha mguu wa kushoto nikaumwa mara tatu palepale juu ya kandambili, kwingine kote hakuna kitu.

Ubaya wake inakula plastiki. Kioo cha saa yangu kimeingia ukungu na alama ya kidole gumba imebaki hapo haifutiki. Viganja naviosha na sabuni kabla sijashika samaki wa mteja. Na usiku chandarua nalalia vilevile, mbu wa malaria wanauma sana usiku wa manane na saa hizo losheni imeshaisha nguvu.

Nilinunua shilingi 18,000, nitanunua tena, lakini yule muuza duka nimerudi nikamwambia aache kuwaambia watu inaua.