Usukani na gripu za baiskeli ya milimani: zipi zinunuliwe kwanza

Mkono ukifa ganzi katikati ya mteremko, waendeshaji wengi huwaza usukani wa kaboni. Pesa hiyo isitoke kwanza. Mara nyingi tatizo liko kwenye gripu (mpira wa kushikia ulio kwenye ncha ya usukani) yenye unene usiolingana na kiganja, au kwenye usukani wenye upana wa milimita 800 uliotoka kiwandani na haujaguswa na msumeno tangu siku hiyo. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na gripu. Ni kifaa cha bei ndogo, hubadilishwa kwa dakika kumi, na ndicho kiganja kinachoshika muda wote wa safari.

Gripu karibu zote za baiskeli za milimani huvaa bomba la usukani lenye kipenyo cha milimita 22.2, kwa hiyo tofauti ziko kwenye unene wa nje, ulaini wa mpira na namna zinavyojishika. Unene huanzia kama milimita 29 hadi 34. Ili kujua wako, vaa glovu unazoendeshea, shika gripu bila kukaza, kisha tazama ncha ya kidole cha kati imefika wapi. Ikikaribia kugusa nyama iliyo chini ya dole gumba, hapo ndipo. Vidole vikichimba kiganja, gripu ni nyembamba mno. Likibaki pengo kubwa, ni nene, na misuli ya kigasha itachoka kwa kung'ang'ania tu, hata kabla njia haijaanza kuwa mbaya.

DMR Deathgrip inastahili sifa inazopewa kwa sababu inauzwa kwa unene wa aina mbili, milimita 29.8 na 31.3, na mtu anaweza kuchagua yenye ukingo wa ndani, yaani mdomo wa mpira uliotokeza upande wa leva, au isiyo nao. Mistari ya mpira haifanani kote: sehemu ya dole gumba ina mbavu laini zinazolegea kidogo zinapobanwa, na sehemu ya kiganja ina miraba inayong'ata glovu hata ikilowa. Inabana kwa bolti moja upande wa ndani, kwa hiyo ukingo wa nje wa kiganja haukalii ringi ya chuma. Kasoro yake ni kuisha upesi, hasa ile ya mpira laini. Miraba hulainika kwanza pale chini ya dole gumba. Kama swichi yako ya gia iko karibu sana na dole gumba, chukua isiyo na ukingo.

ESI Chunky ni kitu kingine kabisa: silikoni tupu, milimita 32, uzito wa kama gramu 60 kwa jozi, bila bolti wala ringi. Kwa njia ndefu zenye changarawe na mtikisiko mdogo usiokoma, ni vigumu kupata inayoituliza mikono kuliko hii. Haifai kwa anayeanguka mara kwa mara au anayelaza baiskeli kwenye mawe, maana ncha huchanika na mpasuko ukishaanza hauna dawa. Kuivalisha: mimina spiriti ndani, zungusha ienee, sukuma kwa mkupuo mmoja hadi mwisho, kisha acha usiku kucha ikauke. Ukitumia mafuta au grisi kuilainisha, itazunguka mkononi milele. Sabuni nayo huacha utelezi unaoamka siku ya mvua.

Ergon wana njia yao, ya kuweka bawa upande wa nje wa gripu ili kiganja kipate pa kulala. GP1 ina bawa pana na inafaa safari za saa nyingi kwenye njia zisizo na miruko. Kwenye miteremko mikali bawa hilo linazuia mkono kuzunguka. GA3 ina bawa dogo na ndiyo ya kati kwa kati. Zote mbili huharibiwa na kosa moja: bawa kuelekezwa juu mno, hata kifundo cha mkono kikapinda. Funga bolti kidogo, endesha dakika kumi, legeza, rekebisha, ndipo ukaze. ODI, walioeneza mtindo wa kubana kwa bolti, wana safu ndefu ya unene na ulaini, na bado ni chaguo salama kwa asiyejua aanzie wapi.

Ganzi yenyewe inakuambia pa kurekebisha. Ikishika kidole cha mwisho na cha pete, ni neva inayopita upande wa nje wa kiganja ndiyo inayokandamizwa. Bawa dogo la Ergon, au usukani unaopinda nyuma zaidi, husaidia. Ikishika dole gumba, cha shahada na cha kati, tazama pembe ya leva za breki kabla ya kununua chochote, kwa sababu huenda kifundo kimekunjwa kwenda juu muda wote. Kigasha kikikaza hadi vidole havifungi vizuri, pima unene wa gripu na usogeze leva karibu: kidole kimoja cha shahada kikiwa kimepinda kidogo kinapaswa kuifikia bila mkono kuhama.

Sasa usukani. Upana ndio wenye uzito kuliko yote, na ndio unaochaguliwa kwa kuiga. Lala chini kifudifudi kama unayetaka kupiga pushapu, inuka mara mbili tatu hadi mikono ipate mahali pake, kisha mtu apime kutoka ukingo wa nje wa kiganja kimoja hadi kingine. Wengi hupata kati ya milimita 740 na 780. Namba hiyo ni pa kuanzia tu, lakini ni bora kuliko kufuata wa rafiki. Usukani mpana kupita kiasi hufungua viwiko hadi bega likakosa nafasi ya kusukuma kwenye kona, na kati ya miti hugonga. Mwembamba mno hufanya gurudumu la mbele liwe jepesi na lenye papara kwenye mawe.

Nunua mpana, usikate siku hiyo. Legeza gripu, leva na swichi, sogeza vyote ndani milimita 10 kila upande ikiwa gripu zako ziko wazi mwishoni, uendeshe siku kadhaa kwenye njia rahisi huku ukikumbuka kwamba bomba limetokeza. Ukipenda, kata milimita 5 kila upande na urudie. Kabla ya kukata, hakikisha mambo mawili: kipimo cha chini kabisa anachoruhusu mtengenezaji, na urefu wa sehemu iliyonyooka ya milimita 22.2. Gripu hula milimita 130 hadi 135, kisha leva na swichi zinahitaji nafasi yake. Ukikata sana, ringi ya breki inafika pale bomba linapoanza kunenepa na haifungi tena.

Mwinuko wa usukani, yaani jinsi ncha zake zilivyo juu kuliko katikati yake, husumbua watu bila sababu. Fremu yenye pembe ya mbele ya digrii 65 ikiongezewa ringi ya kuinulia ya milimita 10 chini ya stemu (kipande kinachobana usukani katikati), usukani hupanda kama milimita 9 na kurudi nyuma kama 4. Usukani wenye mwinuko mkubwa zaidi hupanda bila kurudi nyuma. Kwa hiyo kama baiskeli inakutosha kwa urefu lakini unajiona umeinama mno, badilisha usukani wa mwinuko wa milimita 20 kwa wa 30 au 40 na uache ringi zilivyo.

Renthal Fatbar ya alumini ndiyo ningemwekea mtu yeyote aliyekosa cha kuchagua. Kampuni hii ya Uingereza imetengeneza usukani wa pikipiki tangu 1969 na inajua chuma kinavyochoka. Inakuja na upana wa milimita 800, mpindo wa nyuma wa digrii 7, wa juu digrii 5, mwinuko wa 10 hadi 40, kwa stemu zinazobana bomba lenye kipenyo cha milimita 31.8 na 35. Uzito unazidi gramu 300, na hilo lisikutishe. Chagua ya 31.8 ukiwa na uhuru wa kuchagua: bomba la 35 ni gumu zaidi na ugumu huo huishia viganjani, wakati nguvu ya 31.8 inatosha kabisa. Usijaribu kuweka usukani wa 31.8 kwenye stemu ya 35 kwa kufungia bati katikati.

Kama stemu yako tayari ni ya 35, usukani wa kaboni wa OneUp unatatua hilo vizuri. Mabega yake yamebanwa yakawa na umbo la yai, ili bomba linyumbuke juu na chini bila kulegea kwenye kona, na tofauti inasikika kwenye mizizi. Dosari ni kwamba taa au kishikio cha simu chenye ringi ya duara hakipati pa kukaa. Spank Vibrocore imejazwa sponji ngumu ndani ya alumini. Inapunguza mtetemo mdogo, kwenye mapigo makubwa sioni faida. SQlab ya Ujerumani hutoa mpindo wa nyuma wa digrii 12 na 16, nafuu kubwa kwa mwenye vifundo vinavyouma, ila mikono inarudi nyuma na stemu huhitaji kurefushwa.

Kukata kunataka utulivu. Zungushia utepe, chora mstari, tumia kiongozi cha msumeno, kifaa kinachounyoosha mkato. Kaboni ikatwe kwa msumeno wa meno 32 kwa inchi, polepole, ikiwa imelowa maji, nawe umefunika pua; kikata bomba cha gurudumu huiponda. Alumini inakubali kikata bomba, lakini huacha mdomo uliotokeza unaozuia gripu kuingia, kwa hiyo pitisha tupa kisha msasa.

Wakati wa kufunga, futa stemu na usukani kwa spiriti. Kaboni ipakwe uji maalumu wa kaboni wenye chembechembe za kuzuia kuteleza, kamwe si grisi. Kaza bolti nne za stemu kwa mshazari, kidogo kidogo, hadi namba iliyoandikwa kwenye stemu, ambayo kwa kawaida ni Nm 5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), huku pengo la juu na la chini likiwa sawa, isipokuwa stemu imetengenezwa ifungwe bila pengo upande mmoja. Bolti za gripu ni ndogo. Nm 2 hadi 3 zinatosha, na spana ya L iliyochakaa hula kichwa chake mara ya kwanza tu. Leva za breki ziachwe na mkazo wa kuzunguka ukizigonga kwa ngumi, ili siku ya kuanguka zigeuke badala ya kuvunjika au kuchimba bomba.

Kila ncha iwe na kifuniko. Bomba lililo wazi ni kama chombo cha kukatia mwili unapoangukia. Baada ya ajali ya nguvu, toa gripu na leva, pitisha kidole kwenye bomba lote, angalia hasa ukingo wa stemu na pale ringi ya breki ilipokaa. Kaboni ikiwa na mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha, au ikilia kukwaruza unapousukuma usukani, itupwe. Alumini iliyopinda isinyooshwe.