PS au Xbox badala ya king'amuzi: inafaa kwa TV ya moja kwa moja Unguja na Pemba?

Mwenye mashine ya gemu sebuleni, iwe PlayStation (PS4 au PS5) au Xbox, huona king'amuzi hakina kazi tena. Mashine imeshaungwa kwenye TV, intaneti ipo, na picha yake ni safi mno. Hukumu yetu ni kwamba mashine yenyewe haina tatizo lolote. Kinachoamua utaona nini ni nchi ya akaunti yako na haki za matangazo, na hapo ndipo watu wanapotupa fedha.

Tuanze na akaunti. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za akaunti za PlayStation, kwa hiyo akaunti zinazotumika hapa zimesajiliwa kwa nchi nyingine: Afrika Kusini, Uingereza, Marekani, Falme za Kiarabu. Duka la programu hufuata nchi hiyo. Ukishasajili, nchi ya akaunti ya PlayStation haibadilishwi. Ukitaka nyingine unafungua akaunti mpya kwa barua pepe nyingine. Jambo la kheri ni kwamba programu ya bure iliyopakuliwa na akaunti moja hufunguka kwa akaunti zote zilizomo ndani ya mashine ile ile.

Ukifungua akaunti ya Marekani utaziona YouTube TV, Sling na nyenginezo zenye chaneli nyingi za moja kwa moja. Usizilipie. Huduma hizi huangalia unaunganisha kutoka wapi, na nje ya Marekani hazikupi kitu. YouTube TV siyo YouTube ya kawaida, ingawa nembo zinafanana. Video nyingi za mafunzo ya zamani pia humwelekeza mtu kwenye PlayStation Vue. Hiyo ilikuwa ya Marekani tu tangu 2015, na ilifungwa tarehe 30 Januari 2020. Netflix haina matata hayo, kwani hufuata mahali ulipo wala si nchi ya akaunti ya mashine.

Kilichobaki bure, na kizuri khasa, ni YouTube yenyewe. Al Jazeera, France 24 na DW ziko hewani humo saa 24. Chaneli ya Qur'ani ya Saudi Arabia huonyesha Masjid al-Haram mchana na usiku, na kwa kuwa saa za Makka na Zanzibar ni sawa, tarawehe ya kule huiona jioni hiyo hiyo bila kuhesabu tofauti ya saa. Kwa nyumba inayotaka hilo katika Ramadhani, PS4 ya zamani inatosha kabisa. Huhitaji kulipia PS Plus, yaani uanachama wa kulipia wa PlayStation.

Mpira wa nyumbani ni jambo jengine. Mechi za ligi na Kombe la Mapinduzi zina mwenye haki zake, naye huzitoa kwa dishi, king'amuzi na programu ya simu. Kabla hujauza king'amuzi, ingia duka la programu la mashine yako, andika jina la programu unayoilipia, uone kama ipo. Isipokuwepo, usihangaike na kivinjari. PS4 inacho, lakini ni dhaifu. PS5 haikukupa kivinjari cha kufungua tovuti utakayo. Xbox ina Edge iliyo nzuri zaidi, ila video zilizofungwa kwa ulinzi wa haki mara nyingi hukataa kucheza humo. Na anayekuuzia namba ya siri ya chaneli elfu kwa bei ya chai anauza matangazo ya wizi, yanayozimwa mechi ikiwa katikati.

Xbox One ina kitu ambacho PS haina: tundu la HDMI la kuingizia. Waya kutoka king'amuzi unachomekwa pale palipoandikwa IN, ule wa TV unachomekwa OUT, kisha unafungua programu ya TV na chaneli zako zote zinapita ndani ya Xbox. Lipo kwenye Xbox One ya mwanzo, One S na One X. Series S na Series X za 2020 hazina, na wauzaji wengine hawalijui hilo, kwa hiyo geuza mashine uangalie nyuma kabla ya kulipa. Tatizo la kawaida ni picha ya mpira kuruka-ruka mchezaji anapokimbia. Sababu ni kwamba ving'amuzi vyetu hutoa picha 50 kwa sekunde na Xbox hutoa 60. Kwenye mipangilio ya video washa palipoandikwa "Allow 50Hz". TV nayo lazima iikubali. Hata hivyo, kama TV yako ina matundu mawili ya HDMI, chomeka king'amuzi moja kwa moja. Utapata picha ile ile bila kuiwasha Xbox.

Sasa intaneti, maana hapa ndipo lawama nyingi zinapoiangukia mashine bure. Picha ya ubora wa 1080 (Full HD) inataka megabiti 5 kwa sekunde zisizoyumba, sawa na gigabaiti 2.25 kwa saa. Mechi moja pamoja na mapumziko ni saa mbili: gigabaiti 4.5. Ukishusha hadi 720, kwa megabiti 2.5, unatumia nusu yake, na kwenye TV ya inchi 32 tofauti ni ndogo. Anayetumia bando la simu aichague 720 mwenyewe kwenye alama ya mipangilio ya video, na akague tena kila anapofungua tangazo jipya.

Picha ikiganda, usikisie. Ndani ya YouTube washa "Stats for nerds", uangalie akiba ya sekunde zilizokwisha kupakuliwa. Ikishuka hadi sifuri, mtandao ndio unaochelewa. Ikiwa imejaa na picha bado inakwama, funga programu kabisa, uiwashe upya mashine.

Mji Mkongwe una adui wake: kuta nene za mawe na chokaa. Wi-Fi ya gigahezi 5 hufa kwenye ukuta wa pili. Tumia 2.4 ikibidi, lakini dawa hasa ni waya wa LAN kutoka ruta hadi nyuma ya mashine. Kwenye nyumba za ghorofa za Michenzani mambo ni tofauti: ruta za majirani ni nyingi na 2.4 imejaa, hivyo 5 hufanya vizuri ruta ikiwa chumba kimoja na TV.

Zima upakuaji wa gemu unaojianzia wenyewe. Sasisho la gemu moja linaweza kuwa makumi ya gigabaiti, na likianza saa ya mechi linakula bando na kasi kwa pamoja. Pia rekebisha muda wa mashine kulala wakati wa kutazama, usije ukazimikiwa dakika za nyongeza. Na kama kuna aliyezima HDCP (kinga ya kuzuia kunakili picha) kwenye PS ili arekodi gemu, irudishe. Ikiwa imezimwa, programu za video hazifunguki.

Hata ikiwa na afya, YouTube ya moja kwa moja huchelewa, mara nyingine zaidi ya nusu dakika. Jirani mwenye dishi atashangilia bao kabla yako, na hakuna mpangilio wa kwenye mashine utakaoliondoa hilo.

Kwa umeme, PS5 inayoonyesha video hula makumi ya wati, kisanduku cha Android wati chache tu. Kwa mita ya TUKUZA, ya umeme wa kulipia kabla, tofauti hiyo inaonekana. Mashine iliyotumika, khasa ya Japani au Marekani, soma kibandiko chake: kiandike volti 100–240 au 220–240, vinginevyo usiichomeke. Iweke mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, kwani chumvi hula matundu ya HDMI. Ukinunua UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), ruta nayo iwe juu yake: mashine ikibaki inawaka na ruta imezimika, hakuna utakachokiona.