Chaja ya ampea 40 niliyochukua Kariakoo, kwa wanaolala kwenye gari

Wazee wa kwenda kulala Kigamboni na gari, achaneni na lile tundu la volti 12 kwenye jenereta, mengi yanatoa kama ampea 8 tu, kuchaji betri ya ampea-saa 200 utachoma petroli mchana kutwa na majirani wakuchukie. Hii chaja unachomeka upande wa volti 230 wa jenereta, inasukuma ampea 40 kwelikweli na jenereta ya kilowati 2 inaibeba freshi tu. Ila betri ya asidi ikifika kama asilimia 80 inaanza kupokea kidogo kidogo, hapo mi nazima jenereta, sola imalizie. Feni yake inapiga kelele aisee, klipu nazo nyepesi, nimebadilisha. Muuzaji anajua anachouza, alinipimia na mita palepale dukani, bei mnaelewana.